Kibali maalumu cha majaribio ya 8.97 kHz: nianze na mtambo wa kurushia au na usikilizaji?

Mtanga wa Kaskazini aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wote habari za leo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina leseni kamili ya redio ya ridhaa, na kwa miaka kumi na moja sasa ninaishi kaskazini mwa Uingereza. Muda wote huo nimekuwa nikifanya mawasiliano kwenye mawimbi mafupi kama watu wengine, lakini tangu mwaka jana nimevutwa na masafa ya chini kabisa, yale ya chini ya 9 kHz, ambayo waliotangulia waliyaita bendi ya waotaji ndoto. Ninafahamu kwamba leseni ya kawaida haifiki huko, na kwamba hapa Uingereza mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, iliwahi kutoa hati za kubadili masharti ya leseni kwa mtu mmoja mmoja ili afanye majaribio kati ya 8.7 na 9.1 kHz. Ninakusudia kuandika ombi langu mwenyewe, na sitaki liwe barua ya mtu mwenye shauku tu asiyejua anachokiomba.

Nilicho nacho ni hiki. Bustani yangu ina urefu wa mita 25 na upana wa mita 9. Nina mlingoti wa mita 12, na kutoka kileleni nimetandaza nyaya tatu za mlalo zinazofika hadi kwenye ua. Nimepima kapasitansi ya antena hiyo (uwezo wake wa kushika chaji ya umeme) na kupata pikofaradi 300. Ninayo pia amplifaya ya sauti ya wati 200 ambayo nadhani ingefaa kusukuma mkondo, kwa kuwa masafa yenyewe yamo ndani ya yale ambayo sikio la binadamu linasikia.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, katika ombi niandike nguvu kiasi gani, na nitaithibitishaje? Pili, kaka yangu aliyeko Bukoba husikiliza masafa haya kwa vifaa alivyojiundia. Je, yupo mwenye uzoefu anayeweza kuniambia kama kuna tumaini lolote la ishara yangu kumfikia?

Mzee wa Unguja Ukuu alijibu:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuandika ombi.

Nilifika Uingereza zamani, na nilikuwa miongoni mwa walioomba hati kama hiyo wakati wa 73 kHz. Vijana wengi hawaijui historia hiyo, kwa hiyo niruhusu niieleze, maana ina faida kwa ombi lako. Mwaka 1996 waendeshaji wa redio ya ridhaa wa nchi hii waliruhusiwa kutumia 71.6 hadi 74.4 kHz kwa hati maalumu iliyoambatanishwa na leseni ya mtu binafsi, kwa nguvu isiyozidi wati moja ya kunururishwa. Bendi ile haikuwa mali yetu. Tulikuwa wageni mle, na mwaka 2003 ruhusa ikaondolewa. Lakini kazi iliyofanyika katika miaka ile saba, ya kujenga koili kubwa (waya uliosukwa kwa mizunguko mingi), kupima mkondo wa antena na kusoma ishara zilizozama ndani ya kelele, ndiyo iliyotuandaa kwa 136 kHz, ambayo Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka 2007 uliitenga kwa ajili ya ridhaa duniani, na kisha kwa 472 kHz katika mkutano wa mwaka 2012. Anayekwambia kwamba vibali vya muda ni kazi bure hajaitazama safari hiyo.

Mkutano huo wa 2012 una jambo jingine linalokuhusu moja kwa moja. Kabla yake jedwali la kimataifa la masafa lilianzia 9 kHz, na ndiyo maana waotaji ndoto wa mwanzo walichagua 8.97 kHz, hatua moja tu nje ya mpaka. Mkutano ukashusha mpaka hadi 8.3 kHz ili kulinda vituo vya hali ya hewa vinavyotambua mapigo ya radi kwa kusikiliza tu, bila kurusha chochote. Baada ya hapo wajaribu wengi walihamia 8.27 kHz. Kwa hiyo ukiomba 8.97 kHz unaomba kuingia mahali ambapo wasikilizaji wa radi wana haki ya kutosumbuliwa, na ombi lako lazima lionyeshe kwamba unalijua hilo. Usiandike tu kwamba hutamwingilia mtu. Eleza ni kwa nini haiwezekani umwingilie, kwa hesabu.

Na hesabu ni hii. Kwenye 8.97 kHz urefu wa wimbi ni kilomita 33.4. Mlingoti wako wa mita 12, pamoja na nyaya za juu na nyumba zilizouzunguka, tuseme una kimo halisi cha umeme, yaani sehemu ya kimo inayofanya kazi ya kurusha, cha mita 8. Ukinzani wa mnururisho, yaani kipimo cha jinsi antena inavyogeuza mkondo kuwa mawimbi, kwa antena ya namna hiyo hupatikana hivi: gawa kimo kwa urefu wa wimbi, jibu ulipige mraba, kisha uzidishe kwa takriban 1,579. Utapata omu 0.00009. Ukifaulu kupitisha mkondo wa ampea 0.2, nguvu itakayonururishwa ni maikrowati 3.6. Sikukosea kuandika, ni maikrowati. Ukinzani mwingine wote, yaani wa koili, wa ardhi na wa miti ya jirani, unaweza kufika omu 900 bila ajabu yoyote, kwa hiyo amplifaya yako itatoa wati 36 ili maikrowati 3.6 zitoke: sehemu moja kati ya milioni kumi. Kwa kulinganisha, mtambo wa Omega uliokuwa Liberia, uliotumia 10.2 kHz kuongozea meli na ndege hadi mwaka 1997, ulihitaji mnara wa zaidi ya mita 400 ili kunururisha kilowati 10.

Hivyo katika ombi usitaje wati 200 za amplifaya kana kwamba ndizo nguvu zako. Taja mkondo wa juu kabisa wa antena, taja kimo ulichokadiria na jinsi ulivyokadiria, kisha toa nguvu inayotokana navyo. Kama fomu inadai nguvu kwa kulinganisha na antena inayorusha sawasawa pande zote, zidisha mara tatu, nawe utapata takriban maikrowati 11. Mkondo utaupima kwa transfoma ndogo ya pete ya feraiti iliyowekwa upande wa chini wa koili, karibu na ethi (waya unaoingia ardhini), ambako volti ni ndogo. Usipime upande wa juu.

Kuhusu uthibitisho wa kimo, njia ya uaminifu ni kupima uga wa sumaku kwa mbali. Hapa watu wengi hukosea kwa kupima mtaa wa pili. Kwenye masafa haya uga wa karibu haujawa mnururisho mpaka umepita umbali wa urefu wa wimbi ukigawanywa kwa 6.28, ambao kwako ni kilomita 5.3. Chukua fremu ya kupokelea, yaani antena ya waya uliozungushwa kwenye fremu, uende kilomita 10 au 15 nje ya mji, penye malisho yasiyopitiwa na nyaya za umeme.

Fundi Koili (Mombasa) alijibu:

Ndugu Mtanga, salamu kutoka Mombasa. Mzee amemaliza habari ya nguvu. Mimi nitasema juu ya koili, maana ndiko pesa na muda wako vitakakokwenda, na ndiko kwenye hatari.

Antena ya pikofaradi 300 kwenye 8.97 kHz ina kizuizi cha takriban omu 59,000. Ili kukifuta unahitaji koili ya henri 1.05. Wengi wakisikia henri moja hufikiri ni kitu cha kununua dukani, kwa sababu wameona choki zenye kiini cha chuma, lakini choki hizo zitapoteza nguvu yote na kupasuka kwa volti. Inabidi uisuke mwenyewe hewani. Chukua pipa la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 38 na urefu wa mita moja, usuke waya wa shaba wa milimita 0.5 uzi kwa uzi, kama mizunguko 1,660. Utatumia karibu kilomita mbili za waya, na utakachopata ni theluthi moja tu ya henri, pamoja na ukinzani wa omu 170 hivi. Mapipa matatu ya namna hiyo yatakufikisha, na kwa kuwa yakipangwa juu ya mengine yanasaidiana, hesabu mizunguko michache pungufu katika la mwisho, kisha umalizie kwa koili ndogo inayoingia na kutoka ndani ya kubwa ili kurekebisha.

Ninakushauri usisuke tabaka juu ya tabaka ili kuokoa nafasi. Niliwahi kufanya hivyo katika koili ya masafa ya juu kidogo kuliko hayo. Jioni ya tatu nilizima taa ya banda, nikaona mstari wa buluu ukitambaa pale ambapo tabaka la pili lilianza kurudi juu ya la kwanza, na harufu ikawa ile kali inayobaki hewani baada ya radi kupiga karibu. Asubuhi nilikuta varnishi ya waya imegeuka kahawia kwa urefu wa kidole. Mkondo wa ampea 0.2 katika koili yako utaleta volti 11,800 juu ya koili, na kilele chake ni zaidi ya 16,000. Ukigawa kwa mapipa matatu, kila moja linabeba sehemu yake, na hakuna nyaya mbili zenye tofauti kubwa ya volti zinazogusana.

Volti hizo pia ziko kwenye waya wote wa antena, hadi pale unapofungwa kwenye ua. Vishikizo vyako visiwe kamba ya nailoni iliyolowana. Tumia vijiti virefu vya plastiki ngumu au kauri, na mwisho wa waya uuviringe, usiachwe na ncha kali. Weka uzio kuizunguka koili, na swichi itakayokata umeme mlango wa banda ukifunguliwa. Mkondo wa ampea 0.2 unatosha kumuua mtu, na watoto wa jirani hawajui tofauti ya waya wa antena na kamba ya kuanikia nguo.

Kwa upande wa amplifaya, usiiunganishe moja kwa moja. Antena ikishapata mlio wake, yaani koili ikishakifuta kile kizuizi, itaonekana kama omu 900, nayo inahitaji volti 180 ili kupitisha ampea 0.2, ilhali amplifaya yako imetengenezwa kwa spika ya omu 8. Transfoma ya feraiti inayopandisha volti mara kumi au kumi na moja itawapatanisha. Na siku ya mvua usishangae mkondo ukishuka ghafla. Kapasitansi ikibadilika kwa asilimia moja tu, mlio unahama kama hezi 45, na upana mzima wa antena yako haufiki hezi 140.

Sikio la Bukoba alijibu:

Mdogo wangu ametaja habari zangu, kwa hiyo nijieleze mwenyewe.

Ninasikiliza kwa fremu ya waya yenye upande wa mita mbili na nusu, iliyosimama katikati ya migomba, mita 60 kutoka nyumbani, kwa sababu karibu zaidi ya hapo umeme wa nyumba unafunika kila kitu. Hamoniki za hezi 50, yaani vizidishio vya masafa ya umeme wa nyumba, zimejipanga kama meno ya kitana: 8,950, 9,000, na kuendelea. Masafa ya 8,970 yapo kwenye pengo, na hilo ni jambo jema, lakini pengo lenyewe hujaa chaja za simu na taa za bei nafuu wakati wa jioni. Kipaza cha awali kinatumia betri. Waya unaingia ndani hadi kwenye kadi ya sauti ya kompyuta. Chaneli ya kushoto inapokea fremu, na ya kulia inapokea pigo moja kwa kila sekunde kutoka kwenye kipokezi cha GPS.

Pigo hilo la GPS ndilo jambo ninalotaka mdogo wangu alielewe kabla hajanunua hata mita moja ya waya wa koili. Ishara ya maikrowati haisikiki kwa sikio, wala haionekani kwenye skrini kwa dakika moja au mbili. Inapatikana kwa kuijumlisha kwa saa nzima, au usiku kadhaa, huku fezi yake (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) ikiwa imeshikwa pale pale, ili kelele zijifute zenyewe na ishara izidi kujikusanya. Ukijumlisha kwa saa moja, upana unaosikiliza ni chini ya elfu moja ya hezi, na ukilinganisha na mtu anayesikiliza mose kwa upana wa hezi 100 umepata faida ya desibeli 55. Lakini faida hiyo ina masharti. Saa ya kadi ya sauti ikikosea kwa sehemu moja tu kati ya milioni, kwenye 8,970 Hz utakuwa umepotoka kwa mizunguko 32 ndani ya saa hiyo, na kujumlisha kwako kote kunajifuta pamoja na kelele. Kwa sababu hiyo mrushaji na mpokeaji wote wawili lazima wafungwe kwenye wakati mmoja. Aina ya mawasiliano iitwayo EbNaut, ambayo wajaribu wa masafa haya huitumia kutuma herufi chache, imejengwa juu ya msingi huo, na programu za bure za vlfrx-tools hufanya kazi hiyo ya kupanga sampuli kwa mujibu wa GPS.

Sasa kuhusu tumaini la kunifikia. Mwaka 2014 ishara ya mwendeshaji wa ridhaa wa North Carolina kwenye 8.97 kHz ilivuka Atlantiki na kutambuliwa Uingereza, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000, na kutoka kwako hadi kwangu si mbali zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Lakini njia ile ilipita juu ya bahari, ambayo haiyanyonyi mawimbi haya kama ardhi kavu, na ilikwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki, upande ambao masafa haya hayapotezi nguvu nyingi kama upande wa kinyume. Yako itashuka kusini juu ya Sahara. Tena itafika katika mojawapo ya sehemu zenye kelele nyingi kuliko zote duniani, kwa kuwa mimi naishi mlangoni pa Kongo. Kabare, upande wa pili wa Ziwa Kivu, ndiyo ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa hesabu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016. Kila radi kule ni mtambo wa kurushia wenye nguvu zake hasa karibu na 8 hadi 10 kHz, yaani juu kabisa ya masafa yako. Alasiri, tangu saa nane hadi giza linapoingia, spika yangu inasikika kama mafuta ya kukaangia samaki.

Kinachosaidia ni mambo mawili. La kwanza ni kukata mapigo makali kabla ya kujumlisha, maana radi ni ndefu kwa milisekunde chache tu na kati ya moja na nyingine kuna ukimya. Ukiuziba mlango kila inapopiga, unabaki na ukimya huo. La pili ni saa ya kusikiliza. Kwangu wakati mzuri ni kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, ngurumo za usiku zikiwa zimechoka na za mchana hazijaanza.

Kwa ukweli, kwa maikrowati 3.6 sitarajii kukusikia. Ungekuwa na maikrowati 100 ningekesha. Hata hivyo nitarekodi, kwa sababu rekodi yenyewe ina thamani: siku nyingi ninafuatilia fezi ya mtambo wa North West Cape wa Australia kwenye 19.8 kHz, na ninaona jinsi inavyoyumba jua linapochomoza juu ya Bahari ya Hindi. Anza na kujenga kipokezi kama hiki huko kwako. Mkesha wa Krismasi mtambo wa zamani wa Grimeton nchini Sweden, wenye jenereta ya Alexanderson ya mwaka 1924, hurusha ujumbe kwenye 17.2 kHz. Ukiweza kuupokea huku pigo la GPS likiwa mahali pake, utakuwa umeshajenga nusu ya kituo chako, na bila kibali.

Mtanga wa Kaskazini aliandika:

Nawashukuru sana Mzee, Fundi, na kaka. Nimekaa na karatasi usiku mzima, na nimeona kwamba nilikuwa nimeanzia mwisho. Nimeahirisha koili. Wiki hii ninajenga fremu na kupata kipokezi cha GPS chenye pigo la sekunde.

Limebaki swali moja kwa Mzee. Kama nitasikiliza kwa miezi mitatu kabla ya kuomba, je, nizitie rekodi hizo katika ombi, au nitaonekana ninajaza karatasi?

Mzee wa Unguja Ukuu alijibu:

Zitie, na ziwe za kwanza baada ya jina lako na anwani ya kituo. Afisa anayesoma ombi hawezi kujua kama koili yako itafanya kazi, lakini anaweza kuona kwamba unaijua kelele ya mahali pako kwa kila saa ya mchana na usiku, na kwamba ukiambiwa umeingilia mtu utaweza kuthibitisha ulikuwa hewani saa ngapi na kwa mkondo gani. Baada ya hapo taja masafa mamoja tu, si bendi nzima. Taja siku na saa za majaribio. Na toa namba ya simu itakayopokelewa na mtu wakati wote mtambo unapowaka, ambaye anaweza kuuzima papo hapo. Wakati wa 73 kHz mimi nilimweka mke wangu, na nilimwonyesha swichi nyekundu kabla sijamwonyesha kitu kingine chochote bandani.

Na usitaje tiara katika ombi hili la kwanza. Najua utashawishika, kwa sababu mwaka 2010 mjaribu mmoja wa Ujerumani alipandisha waya kwa tiara na kuonyesha kwamba kimo ndicho kinachotawala kila kitu katika masafa haya, kwa kuwa kimo kikizidishwa mara mbili, mnururisho wa mkondo ule ule unazidi mara nne. Ila nchini humu tiara ikizidi mita 60 inahitaji ruhusa ya mamlaka ya anga, na ukiwa karibu na uwanja wa ndege inaihitaji ikizidi mita 30 tu. Ukiyachanganya maombi mawili katika barua moja, moja litalichelewesha jingine.

Fremu yako ikisimama, leta hapa picha ya spektra (inayoonyesha nguvu ya kila masafa) ya usiku mmoja mzima kuanzia 8,900 hadi 9,000 Hz, tuhesabu pamoja meno ya kitana aliyoyataja kaka yako.

Sikio la Bukoba alijibu:

Nami nitaleta ya kwangu ya usiku huo huo, ili Mzee azipange pamoja. Tukubaliane iwe Ijumaa, kuanzia saa tatu usiku kwa saa za GMT, ambayo kwangu ni saa sita ya usiku.